Maua Mafupi ya Salwa

"Nakuja, nakuja, mama. Usihangaike."

Msafiri alitupa kichwa cha ua kilichokauka ndani ya ungo, akajifuta damu ya kidole gumba kwenye suruali, akakimbilia jikoni. Mkewe alikuwa ameanza tena. Pale kwenye kiti cha plastiki, chini ya bati la baraza, Salwa alikuwa ameunyanyua mkono wa kushoto, vidole vitano vimekutana nchani, anavikandamiza na kuvivuta, anavikandamiza na kuvivuta, kama mtu anayemega ugali. Ilikuwa mara ya tatu asubuhi hiyo, na chai walikuwa wameshakunywa.

Alirudi na chapati kwenye sahani, akachuchumaa mbele yake, akakata kipande kwa mkono wake mwenyewe wa kulia na kukipeleka mdomoni mwa mkewe. Salwa alifumba mdomo.

"Kula basi. Si umeomba mwenyewe?"

Salwa alimtazama. Macho yake yalikuwa mazima kabisa, macho yale yale yaliyokuwa yakimsuta akirudi safari na nguo chafu za wiki mbili. Kisha akaipiga ile sahani. Chapati ikaanguka katikati ya makopo ya maua, na Msafiri akaiokota, akaipuliza, akaila yeye, maana hakulelewa kutupa chakula.

Habari ya mkono huo alidhani anaielewa. Salwa alikuwa binti wa Tanga, mjukuu wa bibi aliyewachapa watoto vidole wakigusa chakula kwa kushoto, na asingetia tonge mdomoni kwa mkono huo hata kwa njaa ya siku tatu. Sasa kiharusi kilikuwa kimemchukulia mkono wa kulia, mguu wa kulia na maneno yote, kikamwachia huo mmoja. Kwa hiyo kila alipouona unainuka na kumega hewa, Msafiri aliona mkewe anaomba chakula kwa mkono wa aibu, na moyo ulimuuma. Ndiyo maana alikuwa anakimbia.

Akarudi kwenye ungo wake. Mbegu zilikuwa zimejificha ndani ya miiba ya kile kichwa kikavu, na ilibidi azichomoe moja moja kwa ncha ya kisu.

Maua yenyewe yalikuwa na jina la kizungu, refu na la kuvunja ulimi. Salwa aliyaita nungu, kwa sababu katikati ya petali zake za waridi kuna kitovu kigumu kilichojaa miiba, na jina hilo likawashika wateja wake wote wa mtaani kwao Kaloleni. Yako nungu marefu ambayo yakipigwa na upepo yanamlalia jirani. Haya ya Salwa hayakuwa hivyo. Hayakuvuka goti. Yalikaa kwenye kopo la rangi bila kijiti cha kuyaegemeza, yakachanua miezi na miezi, na yakipangwa kandokando ya njia yalisimama sawasawa, hakuna la kumzidi mwenzake. Alianza na mashina matatu aliyopewa na rafiki yake, Fransiska, msimamizi wa bustani ya hoteli moja ndogo kule Sekei. Matatu yakawa matano, matano yakawa kumi na mawili.

Yaliongezekaje? Hilo ndilo Msafiri hakuwahi kuliuliza. Miaka ishirini na sita alikuwa dereva wa lori, jina lake limemkaa kama alilipewa kwa makusudi, na kila aliporudi alikuta makopo yameongezeka uani na mkewe ana udongo mpaka kwenye viwiko. "Majani yako yanakula nafasi ya kuanikia nguo," ndiyo sentensi aliyokuwa nayo. Salwa alicheka, akamwambia akaoge.

Mwezi mmoja kabla Salwa hajaanguka, Fransiska alikuwa amekuja na habari njema. Hoteli inajenga upya njia ya kuingilia. Anataka nungu sitini, yote mafupi, ya kupanga mstari mbele ya madirisha na kwenye vyungu vya ngazi, yawe tayari mwezi wa kumi. Yakipendeza, maua yote ya hoteli yatatoka kwa Salwa, mwaka hadi mwaka. Salwa alisema ndiyo kabla mwenzake hajamaliza. Mwezi uliofuata akaanguka bafuni, na Msafiri akaitwa akiwa Singida.

Saadi, mdogo wake Salwa, fundi wa friji huko Tanga, alikuja na mkewe, Maulida, wakakaa siku nne. Saadi hakuwa mtu mbaya. Siku ya kuondoka alimvuta Msafiri pembeni ya geti.

"Shemeji, tuseme ukweli. Ukishika usukani, dada anabaki na nani hapa? Na usiposhika, mtakula nini? Kwetu kuna nafasi. Maulida alimuuguza mama mpaka mwisho, hajawahi kulalamika."

"Salwa ni mke wangu."

"Nani amekataa? Nasema tu, mtoto hamkujaliwa, na wewe kazi yako ni ya barabarani."

Msafiri alitazama yale makopo. Wazo lilimjia pale pale, na alilishika kwa mikono miwili. "Kuna oda ya maua. Nitaimalizia mimi. Ikikubalika, sirudi tena kwenye lori, nafanya kazi hapa hapa uani na yeye yupo mbele ya macho yangu. Nipe mpaka mwezi wa kumi."

Saadi alifikiri. "Mwezi wa kumi," akasema. "Maua yakifanikiwa, sitasema neno tena, wallahi. Yasipofanikiwa, nakuja kumchukua na wewe usinizuie."

Wakapeana mikono.

Basi akaotesha. Mchanga aliufuata mtoni Daraja Mbili kwa baiskeli, akauchanganya na mboji na udongo mweusi, akaupepeta kwa chekeche la Salwa la jikoni. Mbegu alizipanga kwenye trei kwa mistari, akazifunika kwa udongo mwembamba, na trei akaiweka mbele ya kiti cha mkewe ili aione. Alijivuna kidogo. Mtu aliyepandisha lori la tani thelathini kwenye mlima wa Sekenke angeshindwa na punje za maua?

Salwa aliinua mkono na kumega, kumega, kumega. Akaletewa uji. Akageuza uso ukutani.

Mbegu ziliota baada ya wiki mbili na nusu, vijani viwili viwili, na Msafiri alipiga goti kuzitazama kwa karibu. Alizihamishia kwenye mifuko masika yalipoanza. Fransiska alipopiga simu kuuliza, alimjibu kwa sauti ya mtaalamu.

"Miche ipo, shemeji. Inaendelea vizuri sana."

"Sitini inafika?"

"Sabini na tatu!"

"Aisee, shemeji, umekuwa mkulima! Ningekuja kuiona ila huku nimebanwa na mafundi. Mpe Salwa salamu zangu."

Hakumwambia ameoteshaje, naye Fransiska hakuuliza, kwa sababu kwake njia ilikuwa moja tu na kila mtu anaijua.

Baridi ya mwezi wa saba iliteremka kutoka Meru, siku nyingine mlima wenyewe hauonekani mpaka saa sita. Msafiri alimfunga mkewe blanketi mbili, na makopo kumi na mawili ya zamani aliyapa maji kila asubuhi na kila jioni, kwa upendo, asijue kwamba nungu anapenda kukauka miguu. Alimwogesha Salwa, alimkanda mguu, alimsuka vibaya mno mpaka jirani akaja kumfumua na kumsuka upya. Katika ndoa yao yote hawakuwahi kukaa pamoja miezi mitano mfululizo. Hilo alilitambua siku moja akiwa anachambua mchele, na alijisikia mwizi aliyerudisha kitu kikiwa kimeshavunjika.

Na miche ilikua. Jamani, ilikua! Kufikia mwezi wa nane ilikuwa imefika magotini, mwezi wa tisa ikafika kiunoni, mingine ikaanza kuinama na Msafiri akaitafutia vijiti. Aliona ni mikono yake hiyo, ni mboji yake. Alichukua mmoja mrefu kuliko yote, akausimamisha kando ya kiti.

"Ona, mama! Umekupita kichwa! Ya kwako hayakuwahi kufika hapa."

Salwa aliutazama ule mche kuanzia chini mpaka juu. Machozi yakamtoka, yakafuata ule mkunjo wa shavu lililolegea. Daktari alishamwambia Msafiri kwamba wagonjwa wa namna hii hulia bila sababu, ni ugonjwa tu, kwa hiyo alimfuta kwa upande wa khanga na kumwimbia kidogo. Yeye alikuwa na furaha siku hiyo. Ndiyo furaha ya mwisho aliyoipata mwaka huo, na ilikuwa ya bure.

Ijumaa ya wiki ya pili ya mwezi wa kumi alipakia mifuko sitini kwenye bajaji ya mizigo, safari tatu, mpaka Sekei. Alikuwa amevaa shati la Idi. Fransiska alitoka nyuma ya hoteli na mabuti ya mvua na rozari shingoni, anatabasamu, mikono imepanuliwa. Alipofika kwenye maua, mikono ikashuka.

"Shemeji. Haya ni nini?"

"Nungu zako. Sitini, hesabu mwenyewe."

Fransiska alizunguka ile mifuko polepole. Mengine yalikuwa ya waridi, mengine meupe ya kufubaa, kumi au zaidi hayakuwa hata na tumba. Aliushika mche mmoja karibu na mzizi, akauona unavyoyumba juu ya kijiti chake.

"Umeyatoa wapi?"

"Kwa Salwa. Kwenye maua yake mwenyewe. Mbegu nimezichomoa mimi, kwa vidole hivi hivi, tazama," akamwonyesha makovu.

"Mbegu," alisema Fransiska. Akakaa kwenye ukingo wa ngazi mpya. "Ee Mungu wangu. Shemeji, wewe ulishalima mahindi?"

"Nani hajalima mahindi?"

"Mahindi ya chotara, yale ya dukani. Ukivuna, unarudisha punje zake shambani mwaka unaofuata?"

"Hapana. Hata mtoto anajua. Hayarudi kama mama yake, yanatoka..."

"Yanatoka vyovyote," alimalizia Fransiska. "Na haya ni chotara hivyo hivyo. Ufupi wake ni wa kutengenezwa."

"Lakini yale ni mahindi. Haya ni maua."

Fransiska hakumcheka. Alimwonyesha ile njia, na mstari wa udongo uliotayarishwa chini ya madirisha ya chumba cha kulia. Kwa aliyekaa ndani, juu ya kingo za madirisha mlima ulikuwa umesimama wazi, na wageni walilipia kuuona mlima. Ua la kufika kifuani lisingewekwa hapo hata kwa kumhurumia mtu.

"Mwenye hoteli anakuja Jumatatu. Nilimwahidi mafupi. Nitaagiza kwingine leo hii, sina jinsi. Shemeji, ningekuwa na uwezo..." Alisimama, akaenda kwenye chungu kimoja kilichokuwa na nungu lake la zamani, akakipindua, likatoka na udongo wake wote. "Kwani Salwa hajakuonyesha kabisa? Haya hayaoteshwi. Haya humegwa. Unalishika shina hapa chini, unalimega hivi, na hivi, kila kipande na mzizi wake. Kila kipande kinakuwa yeye yule yule."

Vidole vyake vitano vilikuwa vimekutana nchani. Vilikandamiza na kuvuta, vikakandamiza na kuvuta.

Msafiri alivitazama. Akainua mkono wake mwenyewe, akavikutanisha vidole vile vile. Aliona chapati, uji, ndizi zilizopondwa, miezi minane ya vijiko. Aliuona mdomo uliofumbwa na uso uliogeuzwa ukutani. Alikuwa amemlisha mtu aliyekuwa anazungumza.

"Shemeji, unaumwa?"

"Alinionyesha," alisema Msafiri. "Alinionyesha kila siku."

Bajaji ilirudisha mifuko ishirini Kaloleni; mingine aliiacha nyuma ya hoteli, Fransiska aifanye atakavyo. Njiani alimpigia Saadi. Alitaka kuomba mwaka mmoja tu, shina lililomegwa leo liote, lijae, limegwe tena. Saadi alipokea, nyuma yake kuna kelele za stendi.

"Shemeji, tumeshafika Moshi. Tunalala kwa rafiki yangu hapa, kesho asubuhi tupo kwako. Vipi maua?"

Msafiri angeweza kudanganya. "Yamekataliwa," alisema.

"Pole sana, shemeji. Pole kweli." Na sauti ya Saadi ilikuwa ya mtu anayemaanisha.

Salwa alikuwa kibarazani, jirani alishampa dawa zake. Msafiri alitandika gunia juu ya mapaja ya Salwa, akachukua kopo la kwanza kati ya yale kumi na mawili, akalipindua. Shina lilitoka na harufu mbaya. Mizizi ilikuwa imeoza, imekuwa nyeusi na laini. Akalitupa. La pili hivyo hivyo. Maji yake ya asubuhi na jioni yalikuwa yamefanya kazi. La tatu lilitoka na mizizi myeupe, migumu, na hilo akaliweka juu ya gunia mbele ya mkewe.

"Ulikuwa unaniambia nimege," alisema. "Mimi nikakuletea chapati."

Salwa hakumwangalia. Mkono wa kushoto ulitambaa juu ya shina, ukalizunguka, kidole gumba kikatafuta mahali kwa kubonyeza huku na huku mpaka kikapapata. Hapo ukasimama, ukingojea. Msafiri alichelewa kuelewa hata hilo. Kisha akaelewa, akaweka mkono wake wa kulia upande wa pili, mahali ambapo mkono wa Salwa wa kulia ungekuwa. Wakavuta wote wawili. Shina lilikataa, likalia, likaachana katikati, na kila upande ulibaki na mizizi yake.

Salwa alitoa sauti. Haikuwa neno. Aliusukuma mkono wa mumewe kwenye kopo la nne.

Waliendelea mpaka adhana ya alasiri ikapita na kivuli cha ukuta kikafika kwenye kiti. Kati ya kumi na mawili, matano tu yalikuwa mazima, na kwa matano hayo walipata vipande kumi na sita. Msafiri alivipanda kimoja kimoja, akisimama kila mara kumwangalia usoni kama amezamisha sana au kidogo, naye alimjibu kwa nyusi. Hawakuwahi kufanya kazi pamoja kabla ya hapo. Ilikuwa kazi nzuri, na haikuwa na maana yoyote tena. Wote wawili walilijua hilo, kwa sababu sanduku la nguo Msafiri alilifunga aliporudi tu, na liko mlangoni.

Saadi na Maulida walifika saa tatu asubuhi na Noah ya kukodi. Hawakukaa. Godoro lilifungwa juu ya gari, sanduku likaingia nyuma, na Saadi na Msafiri wakambeba Salwa kwa kiti chake mpaka mlango wa gari. Msafiri alimweleza Maulida kila kitu mara mbili: dawa ya asubuhi, dawa ya jioni, mguu ukandwe kwa mafuta ya uvuguvugu, alazwe ubavu upi. Alitaka kuongeza la mkono. Alitaka kumwambia asije akadhani kila ukiinuka ni njaa. Lakini Saadi alikuwa ameshawasha gari, na Maulida alikuwa anaitikia, "Sawa, shemeji, sawa, nimeelewa," kama watu wanavyoitikia.

"Utakuja Idi," alisema Saadi dirishani. "Na lori lako likipita njia ya Tanga, karibu wakati wowote. Ni kwako."

"Inshallah."

Maulida alikaa karibu na Salwa, akamfunga mkanda, akamweka khanga vizuri. Alikuwa mwanamke msafi, hilo kila mtu alilisema. Aliuchukua ule mkono wa kushoto na kuugeuza.

"Wifi, mbona kucha hizi? Udongo wote huu! Hebu lete nikusafishe."

Akatoa kitambaa chenye maji kwenye mkoba, akajaribu kuvinyoosha vidole. Salwa akakunja ngumi. Maulida akacheka kidogo, cheko la kumchekea mtoto, akajaribu tena, akianzia kidole cha mwisho. Ngumi haikufunguka. Gari lilitoka getini, likapita taratibu kando ya ukuta wa uwanja wa mpira, na mpaka linakata kona walikuwa bado wanavutana, vichwa viwili kwenye kioo cha nyuma, na kile cha mkewe hakikugeuka.